VIPURI VYA MKUNGA: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Chama cha Wenye Magari ya Zamani

TAREHE: Jumamosi ya pili ya mwezi
MAHALI: Ua wa nyuma wa duka la Mwenyekiti la kutengeneza saa
MUDA: Kilitangazwa kuanza saa tisa alasiri. Kilianza saa kumi kasorobo, saa zote za dukani zikiwa mashahidi.

WALIOHUDHURIA
Fundi Saa – Mwenyekiti
Karani wa Posta – Katibu
Mwalimu wa Hesabu – Mjumbe
Mshonaji – Mjumbe
Shemeji wa Mwenyekiti, seremala – Mjumbe
Fundi Rangi – Mjumbe (tazama Na. 4)
Mkunga mstaafu – Mgeni mwalikwa

ASIYEHUDHURIA
Kinyozi, kwa taarifa. Gari lake lilikataa kuwaka, naye akaona haya kuja kwenye kikao cha magari kwa miguu.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao. Alimkaribisha Mkunga na kueleza, ingawa wote walijua, kwamba gari lake limekaa uani kwake tangu alipostaafu miaka kumi na minane iliyopita, na kwamba chama kimekuwa kikichota vipuri humo bure. Sharti la Mkunga lilikuwa moja: anayefungua kitu afunge kitambaa chenye jina lake pale alipokitoa, na Katibu aandike kwenye daftari la bluu.

Mwenyekiti aliongeza kwamba Mkunga ndiye aliyempokea duniani, akampeleka nyumbani na mama yake kwa gari hilohilo akiwa na siku moja, akilia njia nzima. Aliomba jambo hili lisiandikwe. Limeandikwa kwa kuwa linahusu gari.

KUMB. NA. 2: HALI YA SOKO
Mwalimu alieleza kwamba miaka kumi iliyopita magari ya aina yetu yalikuwa thelathini na manne hapa mjini. Leo yanayotembea ni sita. Mengine yamenunuliwa na matajiri wa mbali, yakapakiwa melini. Kiwanda kilishafungwa, kwa hiyo hayazaliwi mengine. Alisema bei ya mlango mmoja sasa inalingana na ile aliyonunulia gari lake zima.

Shemeji alisema laiti tungekuwa na akili tungeweka akiba ya vipuri. Mshonaji alimkumbusha kwamba yeye binafsi aliwahi kumuuzia mtu wa vyuma chakavu rejeta mbili nzima kwa bei ya soda. Shemeji aliomba twende kwenye ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 3: UJIO WA DALALI
Mwenyekiti alieleza kwamba siku ya Jumanne dalali alifika kwa Mkunga akitaka kununua gari lake. Fedha aliyotaja ingetosha kuezeka upya paa la Mkunga, ambalo kila mtu anajua linavuja, na chenji ikabaki. Sharti lake ni kwamba kila kipuri cha asili kirudi mahali pake. Ndiyo sababu ya kikao hiki cha dharura.

Katibu alisoma daftari la bluu. Honi: Mwenyekiti. Kabureta: Mwalimu. Rejeta: Shemeji. Mlango wa kushoto: Mshonaji. Stata: Kinyozi. Usukani: Fundi Rangi. Shemeji aliuliza kama Katibu hana chochote. Katibu alijibu kwamba daftari halimtaji. Alikumbusha pia kwamba ametunza daftari hilo miaka kumi na mmoja bila kufuta hata neno.

Mwalimu alisema haki haina hesabu ndefu: vitu ni vya Mkunga, na virudishwe ifikapo Jumatatu, hata kama magari yetu yatalala. Wote waliafiki. Mshonaji aliafiki huku analia, akaomba aongezewe siku mbili, kwani gari lake ndilo kitu pekee alichoachiwa na marehemu baba yake. Aliongezewa.

KUMB. NA. 4: SUALA LA USUKANI
Fundi Rangi alieleza kwamba usukani hautarudi. Aliuza gari lake miezi miwili iliyopita bila kuwaambia wenzake, na usukani wa Mkunga ukiwa ndani.

Mshonaji alimuuliza kwa nini hakuufungua kwanza.

“Gari bila usukani nani atanunua?” alijibu Fundi Rangi.

“Basi ulijua uliuza kisichokuwa chako.”

Mwenyekiti aliomba lugha ya staha. Mwalimu alitoa hoja kwamba Fundi Rangi avuliwe uanachama, akasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Fundi Rangi alisema amekosa, hana la kujitetea, na kwamba tangu siku ile hapiti njia ya kwa Mkunga, anazungukia sokoni. Hoja iliahirishwa, maana Mkunga alikuwa ameweka kikombe cha chai chini, ishara kwamba anataka kusema.

KUMB. NA. 5: MANENO YA MKUNGA
Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa.

“Nani kawaambia nimekuja kudai? Mwenyekiti, uliniuliza?”

Mwenyekiti alikiri kwamba hakumuuliza.

“Yule dalali nilimjibu palepale Jumanne, chai yake haijapoa. Nilimwambia siuzi. Nyinyi mmeitana hapa mnalizana bure! Sikilizeni, wanangu. Siku nilipoliegesha lile gari nilijua limekufa. Magoti yangu hayawezi tena klachi, na mume wangu hakuwahi kujua kuendesha. Sasa nakaa dirishani asubuhi, nasikia honi inalia kona ya posta, najua ile ni yangu. Mwalimu akipanda mlima nasikia kabureta yangu inakohoa vilevile. Kumbe gari langu linazurura mjini kuliko enzi zangu! Mkirudisha vyote, langu litasimama moja na yenu yatalala sita. Ya nini? Mimi ndiye nawashukuru.”

Alimgeukia Fundi Rangi akamwambia apite njia yake ya zamani, ile ya sokoni ina vumbi. Kisha alitoa mkobani vitambaa vipya, akasema taa za nyuma bado zipo, na Kinyozi aambiwe aje achukue dinamo.



KUMB. NA. 6: MAAZIMIO
(a) Kipuri cha Mkunga hakiuzwi. Anayeuza gari atakirudisha kwanza.
(b) Mwalimu aliondoa hoja yake. Fundi Rangi atapaka rangi bodi ya gari la Mkunga kwa gharama zake. Mkunga alichagua rangi ya maziwa. Fundi Rangi alisema inashika uchafu haraka, akaombwa anyamaze.
(c) Paa la Mkunga litaezekwa na wanachama. Shemeji ataongoza kazi, kuanzia kesho asubuhi.

KUMB. NA. 7: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili na dakika kumi, na magari matano yakajipanga kumsindikiza Mkunga. Alichagua kupanda la Katibu kwa kuwa lilikuwa karibu na geti.

Alipoketi mbele alipapasa ukingo wa kiti, akapitisha kidole chini kwenye mshono.

“Karani, hapa nilishona mwenyewe. Uzi mwekundu, mweusi uliniishia.”

Katibu alishuka kutazama. Uzi ulikuwa mwekundu. Alikumbuka kwamba alikichukua kiti hicho siku ya mvua kubwa, mwaka wake wa kwanza wa ukatibu, akijiambia ataandika kesho yake. Aliwaomba radhi wajumbe wote, waliokuwa wameshuka kusikiliza, na hasa Shemeji, aliyekuwa anacheka. Mkunga alifungua mkoba. Alimpa kitambaa na kalamu.

Kwa hiyo inaingizwa kwenye daftari la bluu leo: Kiti cha mbele cha abiria: Karani wa Posta. Kimechelewa miaka kumi na mmoja. Asante, Mama.

Zimethibitishwa kuwa ni sahihi:

……………………
Fundi Saa, Mwenyekiti

……………………
Karani wa Posta, Katibu, aliyeandika vya wenzake na sasa chake