Gwaride Lililoingia Uani Kwetu

Nyumba ya Juu,
Lauvneset,
4 Juni 2017.

Mpendwa mjukuu wangu Tarjei,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Mara ya mwisho ulipokuja nilikuwa bado nashuka dukani kwa miguu yangu mwenyewe, na yule mbwa wenu alikuwa hai. Sasa mbwa amekufa, duka limepata mmiliki mpya, na mimi nikitaka kushuka lazima nimsubiri mtu wa kunishika mkono. Kila mwaka unasema mwaka huu nakuja. Nyuzilandi si mbinguni, mwanangu. Watu hutoka huko wakarudi kwao.

Haya. Hujambo? Philippa hajambo? Na kale katoto ninakokaona kwenye kioo cha simu tu, kananyonya vizuri? Mgongo wako umepona, au bado unabeba mbao kama punda? Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa umri wangu. Magoti yananisumbua, la kushoto zaidi, na daktari amenipa vidonge ambavyo nameza nikivikumbuka. Macho bado yanaona ninachotaka kukiona.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu unaikata ukisikia nimeanza kufoka. Barua haikatiki. Mwandiko wangu unaujua, herufi zangu zinatembea kama kuku, kwa hiyo kaa chini usome polepole.

Naandika kwa sababu ya ile video. Najua ulitumiwa, maana kila mtu ametumiwa, hata mchungaji. Gwaride la sikukuu ya taifa linafika njia panda ya dukani, na badala ya kushika njia ya kanisani linapanda kilima mpaka uani kwetu, na aliye mbele ni dada yako Ingunn na fimbo yake ya kuongozea bendi. Ukamwandikia: “Umeliteka taifa zima?” Ukaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Ingunn aliusoma ujumbe wako jikoni, akaiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Sikulaumu kwa kucheka. Siku nyingine hata mimi ningecheka. Lakini hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza ulikuwa unacheka nini.

Dada yako anafundisha muziki shuleni, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwalimu wa muziki mahali padogo kama hapa ni kama ngazi ya jirani: kila mtu anaiazima, na hakuna anayeirudisha. Mchana ana madarasa yote, wadogo wanaotaka kupuliza filimbi kwa pua na wakubwa wasiotaka kufungua mdomo. Jioni ana bendi ya shule. Kesho yake ana kwaya ya wanawake. Mpiga kinanda wa kanisani akiugua, na yule bwana huugua kila kunapokuwa na mazishi, anaitwa Ingunn. Arusi, Ingunn. Mtu wa halmashauri akistaafu, Ingunn aje na kitu kifupi. Halafu bendi inauza karatasi za chooni ili ipate hela za safari, kama ilivyokuwa enzi zako, na anayezigawa nyumba kwa nyumba kwa gari lake ni nani? Darini kwetu kuna marobota yake mpaka silifikii sanduku langu la sufu. Siku tukifa mimi na yeye, mtakaokuja kuzika mtajifuta ninyi na wajukuu zenu.

Nyumbani hataki redio. Redio ni mwenzangu, lakini nimeizima, naisikiliza akiwa kazini. Saa ya ukutani aliniomba niisimamishe, eti inampigia mapigo. Chakula anakula amesimama. Siku moja nilimkuta amesinzia na kijiko cha uji mdomoni, na vidole vya mkono mwingine bado vinagonga meza, moja mbili tatu nne. Nikamtoa kijiko. Hakuamka.

Mwezi wa tatu aliomba apunguziwe. Kule Eidsbotn kuna kitalu cha miche, zile nyumba za vioo unazoziona ukivuka daraja, na mwenye nacho ni mwanamke mmoja mkimya anaitwa Torhild. Alimwambia Ingunn kuna kazi ya siku mbili kwa juma akitaka. Siku hiyo alirudi na udongo kwenye kucha, anacheka peke yake. Akaniambia, “Bibi, miche haina wazazi wa kupiga simu.” Akapanga mambo yake vizuri: shuleni siku tatu, kwenye miche siku mbili, na bendi apewe mtu mwingine.

Mwalimu mkuu akasema atalifikiria. Gro Anita, yule mwenye saluni, ndiye mwenyekiti wa bendi siku hizi. Naye akasema sawa kabisa, mpenzi, pumzika, umestahili, ila sikukuu ipite kwanza. Baada ya wiki akaongeza kwamba mwakani bendi inatimiza miaka sitini, na itakuwaje isherehekee na mgeni. Wanasema kwa upole, wanaleta na keki. Ndiyo maana hawezi kuwakatalia. Wangemtukana angeshaondoka zamani.

Sasa sikukuu yenyewe. Mama anayetunza sare za bendi alikuwa amekwenda Hispania kuota jua, kwa hiyo sare zote zilipigwa pasi jikoni kwangu, na aliyepiga ni dada yako. Jua halijachomoza vizuri wakapiga gatini. Kutoka hapo wakaenda nyumba ya wazee, kisha makaburini kuweka shada, theluji ya maji inawanyeshea. Ndipo likaanza gwaride. Kahawa aliyokunywa ni ile niliyomshikilia mlangoni akiwa anafunga vifungo.

Mimi nilikaa kibarazani na blanketi, maana goti lilikataa kushuka. Kila mwaka nasikia ngoma zikipita chini, zikienda, zikififia nyuma ya kanisa. Safari hii hazikufifia. Zikawa zinakuja. Nikadhani masikio nayo yameanza kunichezea.

Kumbe pale njia panda miguu ya dada yako ilikwenda inakokwenda kila siku. Bendi ikafuata mgongo wake, watoto wenye bendera wakafuata bendi, walimu wakafuata watoto, na meya na mkufu wake shingoni akafuata walimu. Unawajua watu wetu. Hakuna aliyeuliza, kila mmoja akidhani yupo mbele anayejua. Baadaye nilimuuliza meya mwenyewe kwa nini hakusema neno. Akajibu alidhani njia imebadilishwa kwenye mkutano ambao hakuhudhuria.

Wakaingia getini, Tarjei. Yule wa tarumbeta kubwa akasimama juu ya viazi vyangu, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Dada yako alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, uso hauna kitu, ameishusha fimbo, anapapasa mifuko ya koti akitafuta ufunguo. Nyuma yake wanapiga tu, kwa nguvu zote, kwa sababu hajawapa ishara ya kunyamaza. Mashavu ya watoto yamekuwa mekundu kama nyanya na yeye anatafuta ufunguo.

Nikamwambia, “Mlango uko wazi, mwanangu.”

Akaingia. Akalala kwenye benchi la viatu, na kofia ya manyoya kichwani.

Gro Anita akapanda ngazi anahema, vazi lake la sikukuu limelowa mpaka magotini.

“Bibi, Ingunn amekwenda wapi? Watu wanasubiri kanisani.”

“Hajaenda popote. Amefika kwake.”

“Lakini gwaride halijaisha.”

“Lake limeisha.”

Akajaribu kunipita, nikaweka mkongojo mlangoni. Akaniambia nisifanye mzaha siku kama ya leo. Nikamwambia namwalika achungulie dirishani kama anaona mzaha. Akachungulia. Alikaa pale dirishani kitambo, kisha akashuka ngazi. Simchukii Gro Anita. Lakini nilifurahi kwamba amechungulia.

Kugeuza gwaride kwenye ua kama wetu ni kazi ya kugeuza gari la nyasi ndani ya zizi. Waliokuwa nyuma wakawa mbele, meya akabanwa kwenye kamba ya nguo. Mwishowe msichana mmoja mkubwa wa tarumbeta akainua mkono, akahesabu, wakaanza upya, wakateremka wenyewe mpaka kanisani. Hiyo haimo kwenye video. Aliyekuwa anapiga video alikuwa ameshamaliza kucheka.

Ukadhani hapo ndipo shida ilipoishia. Hapo ndipo ilipoanza. Dukani wengine walisema alikuwa amelewa. Dada yako hakutoka chumbani siku mbili, na alipotoka, unajua aliniambia nini? Kwamba atawaomba radhi wote, na atakubali bendi kwa miaka miwili zaidi, ili watu wasahau. Aibu ilikuwa inakwenda kumfunga kamba ambayo hata keki za Gro Anita hazikuweza kuifunga. Nimezika watoto wangu wawili, baba yenu akiwemo. Sikuwa na nia ya kumtazama huyu akizikwa polepole kwa nyimbo.

Tukakaa jikoni. Nilikemea, sikuficha. Akaniacha nikachoka, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nikiacha, watoto wale watapata nani, Bibi?”

“Labda hawatapata mtu. Watapata kimya kidogo. Mimi nimekaa kwenye kimya, hakiui.”

“Na mimi nitakuwa nani hapa?”

Nikamwambia, wewe ni mwalimu, na hilo halimo mikononi mwa Gro Anita. Unajua baba yangu alivyotuficha shule ilipokuja kututafuta, maana watoto wengine wa wasafiri, watu wa kuhamahama kama sisi, walichukuliwa wasirudi. Nimekuwa bibi kizee sijui hata jina langu likiandikwa. Aliyenikalisha kwenye meza hii akanifundisha kusoma na kuandika ni Ingunn, bado mtoto, ana meno ya mbele yameng'oka, ananichapa vidole kwa kijiko nikikosea. Hakuwa na sare wala fimbo, na hakuna aliyemtuma. Nikamwambia mtu aliyefanya hivyo akiwa hana meno hawezi kusema hajui yeye ni nani.

Halafu akaniambia jambo ambalo nakuandikia wewe tu, usiliweke kwenye simu.

“Pale kwenye benchi sikuwa nimelala, Bibi. Niliwasikia wakiondoka bila mimi. Walipiga vizuri. Niliumia mpaka nikataka kutapika. Halafu ndipo nikapata usingizi.”

Nikamkatia mkate na jibini ya kahawia, akala. Akiwa amekaa.

Jumatatu akaenda kwa mwalimu mkuu, akasema siku tatu, na bendi hapana. Hakulia na hakueleza sana. Mwalimu mkuu akakubali, nadhani hata yeye alikuwa ameona video. Sasa Gro Anita hanisalimii vizuri, ananisemesha hali ya hewa tu. Bendi haijapata mtu. Inawezekana isipate, na nisikudanganye, hilo linamuuma dada yako, namwona anasimama dirishani watoto wakipita na visanduku vya vyombo vyao. Shule ikifungwa wiki mbili zijazo ndipo ataanza kwa Torhild. Kwa sasa ni kulala. Anatoka kazini, analala. Anakula, analala. Sijui uchovu wa miaka unachukua muda gani kumtoka mtu. Mimi mwenyewe nimechoka kwa kumtazama.

Mambo mengine ni machache. Paa la ghala linavuja upande wa baharini. Kåre, mjomba wako, amenunua boti nyingine, na mkewe Borghild ameapa hatapanda. Viazi vilivyokanyagwa vimeota hivyo hivyo, vimepinda.

Nisalimie Philippa, umwambie soksi za mtoto nilifuma kubwa makusudi. Kåre na Borghild wanakusalimu, na Ingunn angekusalimu, lakini muda huu hayuko macho. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, mwandikie tu umechoka kutokumwona. Mungu akutazame kwa jicho lake jema, akulindie nyumba, akupunguzie hizo mbao.

Na uje, msimu huu wa kiangazi, si mwakani. Ukifika, zungukia mlango wa nyuma, vua viatu nje, mtoto anyonyeshwe mapema asilie. Ukimkuta dada yako amelala, usimwamshe, hata kama umetoka mwisho wa dunia. Vuta kiti, kaa karibu naye, umsubiri.

Ni mimi nikupendaye hata nikifoka,

Bibi yako Olufine