Koko Hajawa Sufuria

Jumapili. Mji wetu wa Kasongo umeamka na ule ubaridi wa kiangazi unaowavalisha watu masweta asubuhi na kuwavua kabla ya saa nne. Vumbi limelala. Nina grisi kwenye kucha, nina mazutu kwenye nywele, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nieleze tangu mwanzo. Nikizeeka nitasoma tena haya, na nitataka kuelewa.

Koko ni gari ya marehemu baba. Inatumia dizeli, ambayo sisi huku tunaiita mazutu, na zamani ilikuwa nyeupe. Tuliiita Koko, yaani bibi kizee, kwa sababu ilikuwa imezeeka hata siku ile baba alipoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Dada zangu hawakutaka kujifunza injini, na kaka zangu hawakuwa na subira, basi baba alinifundisha mimi. Kazi yangu ni ushonaji. Watu wanacheka, lakini cherehani na injini haviko mbali sana: vyote viwili vinataka usafi, na vyote viwili vinakukomoa ukivilazimisha.

Tangu mvua za mwisho Koko alikuwa amelala uani. Dada yangu mkubwa, Feza, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho hapa nyumbani, alishachoka kumtazama. Anataka mahali pa kuanika mihogo. Juzi juzi akamleta bwana mmoja anayeyeyusha alumini na kutengeneza sufuria. Yule bwana akazunguka gari, akagonga injini kwa vidole kama mtu anayechagua jogoo sokoni, akatabasamu. Nilimchukia papo hapo, na hakuwa amenikosea chochote.

Tuligombana, mimi na Feza, kisha tukapatana mbele ya Mama. Koko akimpeleka Mama kwenye misa ya kwanza leo, kwa nguvu zake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, anabaki. Akishindwa, Jumatatu anakwenda kuwa sufuria.

Goti la Mama haliwezi tena kupanda pikipiki, na kwetu asiyepanda pikipiki amefungwa nyumbani. Kanisa liko juu ya kilima. Kwa muda mrefu sasa anaisikiliza kengele akiwa kitandani, anasali peke yake, halafu anatuuliza nani alikuja na nani hakuja.

Nilitaka sana Koko apone. Lakini nilitaka zaidi Mama aache kuuliza.

Nikaanza na pumzi. Baba alikuwa na desturi hiyo: gari kwanza ipumue, kula baadaye. Nikafungua bomba la kuingizia hewa, nikakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani yake, vyumba kabisa, bila kumwomba mtu ruhusa. Nikawahamisha kwa fimbo ndefu na mbio nyingi. Bakuli la oili lililo chini ya chujio la hewa, lile linalonasa vumbi, lilikuwa limejaa tope jekundu. Ungeweza kukandika nalo ukuta. Nikaosha wavu kwa mazutu, nikaukausha, nikaweka oili mpya mpaka kwenye alama. Mpira wa bomba ulikuwa umepasuka, nikaufunga kwa utepe niliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Mshonaji hakosi njia ya kufunga kitu.

Kisha chakula. Nikamwaga mazutu ya zamani, nikaenda kununua mapya. Sikuwa na chombo, nikaazima bidoni ya njano, dumu la plastiki, jikoni kwa Feza, nikaiosha kwa sabuni na majivu hadi ikanukia sabuni. Mazutu nikayachuja kwa kitambaa cha sare za shule. Nikafungua sindano zinazopuliza mazutu ndani ya injini, nikafuta masizi polepole, nikazirudisha na washa mpya, vile vipete vya kuzuia kuvuja. Mwisho nikatoa hewa kwenye mirija: unalegeza nati, unasukuma pampu ya mkono, mapovu yanatoka, unasukuma tena hadi yaje mazutu matupu. Kidole gumba bado kinauma.

Ijumaa mchana Koko akawaka. Nikapiga vigelegele peke yangu. Majirani wakaja kutazama moshi, na moshi wenyewe ulikuwa mwepesi, si ule mweusi wa zamani. Nikajisifu kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi nikasema nijaribu katika saa ileile ya misa. Akawaka, akanguruma kidogo, akakohoa, akazimika. Nikajaribu tena. Kimya. Feza alikuwa anafagia uani. Aliendelea kufagia, na ufagio ulikuwa unasema vya kutosha.

Mchana nikamjaribu tena, akawaka kama kijana. Nikakaa chini nikataka kulia. Ni ugonjwa gani huu wa asubuhi tu? Nikafungua tena njia ya hewa nikidhani nyigu wamerudi. Hapakuwa na kitu. Nikakaza nati zote upya. Nikawaza kwamba labda Feza ana haki, labda mimi nang'ang'ania baba, siyo gari.

Jibu lilitoka jikoni. Feza alikuwa anatafuta mafuta ya mawese ya kupikia sombe, mboga ya majani ya mihogo, akanituma nilete chupa iliyobaki kwenye kivuli nyuma ya nyumba, mahali pasipofika jua. Nikaichukua, nikaipindua. Mafuta hayakushuka. Yalikuwa yameganda chini, mazito, rangi ya machungwa, juu yakiwa membamba. Nikampa, akaisogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa, kama tunavyofanya kila siku ya kiangazi, na yakaanza kulegea.

Nikasimama pale na mikono kiunoni. Bidoni ya njano. Bidoni ya Feza, ambayo miaka yote ilikuwa ya mawese.

Nikakimbia kwa Koko, nikafungua chujio la mazutu. Lile la hewa nilikuwa nimelishughulikia kama mtoto mchanga; hili sikulifikiria. Chini yake, kulikokuwa na baridi bado, palikuwa na uji wa rangi ya machungwa. Sabuni yangu na majivu yangu havikutoa kitu. Usiku mawese yanaganda, asubuhi yanaziba, jua likipanda yanayeyuka na Koko anapona. Nilicheka hadi Feza akatoka na mwiko mkononi kuona nimepatwa na nini.

Akachungulia. Akachovya kidole, akanusa.

«Eeh, Mado. Kumbe gari yako iko inakula sombe yetu.»

Akacheka na yeye, na tangu kugombana kwetu sikuwa nimemsikia akicheka. Mchana wote tukamwaga tangi, tukaosha chujio, tukanunua mazutu kwa mtu mwingine, kwenye bidoni ambayo tulinusa wote wawili kabla ya kukubali. Feza ndiye aliyesukuma pampu ya mkono. Ana mkono mzuri kuliko mimi, kwa sababu ya kutwanga, lakini sitamwambia.

Leo. Mama alikuwa tayari kabla ya kengele, kikwembe chake cha bluu kiunoni, rozari mkononi. Tukamkalisha mbele. Feza akaingia nyuma. Nikangoja plagi zipate moto, nikageuza ufunguo, na Koko akawaka. Nikasikiliza kikohozi. Hakikuja.

Lakini kilima ni kilima. Katikati ya mwinuko Koko akaanza kulegea, nikashusha hadi gia ya kwanza, watu waliokuwa wanapanda kwa miguu wakatupita wakitusalimu. Mama alikuwa anasali kwa sauti. Nikahisi Feza amesogea, mdomo wake karibu na sikio langu.

«Ikisimama, mimi nitashuka nisukume. Sitaambia mutu.»

Yeye aliyeweka sharti. Macho yangu yakajaa, nikashindwa kuona barabara vizuri, na Koko akaendelea kupanda taratibu bila kuhitaji mkono wa mtu yeyote.

Misa ilikuwa ndefu, nashukuru. Mama alikuwa anageuka geuka kuangalia nani amekuja. Mlangoni, baadaye, Feza alimwona yule bwana wa sufuria, akaenda mwenyewe kumwambia atafute alumini mahali pengine. Mihogo, amesema, itaanikwa juu ya paa la jiko.

Nikataka kurudi nyumbani moja kwa moja, nisimchoshe Koko siku ya kwanza. Mama akanishika mkono kwenye usukani.

«Usigeuke kwanza. Kata njia ya Kabambare, twende mpaka mahali gari itakatala.»

Tukaenda. Hatukufika mbali, barabara ile inajulikana, mashimo yanaanza mapema. Lakini Mama alishusha kioo, akawasalimia wote tuliokutana nao, waliotoka shamba na waliobeba mihogo kwa baiskeli, wengine walidhani alishakufa. Aliuliza habari za kila mtoto. Feza akalala nyuma, mdomo wazi.

Tulipofika nyumbani Mama hakushuka haraka. Alikaa, mikono juu ya magoti, akatazama mbele kupitia kioo chenye vumbi.

«Na kesho tunaenda wapi?»

Kesho nina sare za shule za kushona. Zitangoja.