Bonasi ya Chumba cha Haraka

Shangazi mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani nikianza kusema nakatizwa na randa ya mume wangu, yeye ni seremala na karakana yake imeshikana na chumba chetu. Mimi ni daktari kwenye zahanati ya mtaani, nimekaa hapo tangu sina mtoto na sasa mwanangu wa kwanza ana ndevu, na wagonjwa wangu ni familia nzima nzima, nilimtibu mama, nikamtibu binti, sasa naletewa mjukuu, na kusema kweli naipenda kazi hii mpaka naona aibu.

Sasa bosi wetu ameleta utaratibu mpya, mgonjwa anaingia kwa daktari yeyote asiye na mtu, na daktari anayeona wengi anapata bonasi mwisho wa mwezi, nami bonasi naisikia kwa wenzangu tu, kwa sababu wagonjwa wangu zamu yao ikifika wanasema, "Pita wewe, mimi namngoja daktari wangu," wanaganda kwenye benchi, na kila anayeingia lazima tuulizane habari za nyumbani kwanza. Bosi si mtu mbaya, akanionea huruma, akanipa chumba cha haraka, mafua na vidonda, ingia toka, bonasi ya uhakika, akasema nijaribu wiki moja.

Wiki hiyohiyo akaja bibi mmoja tunayemwita Bibi Kilemba. Bibi huyu atakueleza goti, atakueleza goti tena, ataaga, atashika kitasa, na hapo ndipo atasema kilichomleta. Mimi nimemzoea, akiaga nabaki nimekaa kimya. Safari hii, mimi nikiwa chumba cha haraka, aliingia kwa daktari kijana, mtoto mzuri, mpole, akampa dawa ya goti, na bibi hajafika mlangoni mgonjwa mwingine keshaitwa. Nilimkuta getini nikienda kununua maji, nikamuuliza, "Bibi, ni goti tu?" Akacheka, "Wewe nawe mwanangu! Basi, kifua kinanibana nikipanda ngazi." Nilimrudisha nimemshika mkono, tukampima moyo, akapelekwa hospitali kubwa siku ileile, na sasa hajambo kabisa, anagombeza watu kwenye foleni kama zamani.

Bosi anataka jibu Jumatatu. Nikikubali tutapata jiko jipya, nikikataa nitakuwa wa mwisho kwa kipato pale kazini. Nifanye nini?

Ni mimi, Daktari wa Benchi.

Halafu nilisahau, mume wangu hajui kwamba nataka kukataa. Ameshanunua mbao za makabati ya hilo jiko.

*

Daktari wa Benchi,

Naanzia pale ulipomalizia, maana kidonda kiko huko. Mtu aliyekwisha kuamua kukataa haombi ushauri, anatafuta wa kusingiziwa mbao zikikaa bure. Sikubali! Leo, kabla ya chakula, mwambie mumeo aweke randa chini. Muulize: kitanda alichokianza yeye, apewe fundi mwingine akimalize kwa kuwa huyo ana mkono mwepesi, ataridhika? Ataelewa kabla hujafika mwisho. Akinuna, mwache anune, mbao kanunua yeye.

Kazi unayoipenda ni neema, mama, sasa aibu ya nini? Lakini usijifanye malaika asiyekula. Jumatatu kataa chumba cha haraka, kisha usiondoke ofisini. Mweleze bosi kwamba akilipa mbio tu, atapata mbio tu. Mwombe sehemu ya bonasi iende kwa daktari ambaye wagonjwa wake wa presha, wa kisukari na wajawazito wanarudi kwake na hali zao zinatengemaa. Akikubali, vizuri. Akikataa, pokea mshahara wako na usije kumnung'unikia mtu, umechagua mwenyewe.

Sasa nikugombeze. Umemwachia kijana wa watu mgonjwa unayemjua ndani nje, hukumwambia hata neno, halafu unamsifu eti mpole! Upole wake ungemsaidia nini bibi? Mmeokolewa na kiu yako ya maji. Na siku usipokuwa na kiu je? Mambo ya wagonjwa ukiyafungia kichwani mwako, siku ukiugua wewe wameugua wote. Mkalishe kijana chumbani kwako, mtambulishe kwa kila familia, mwoneshe nani wa kuulizwa mara mbili na nani wa kungojwa, na uyaandike kwenye mafaili kwa mwandiko unaosomeka. Ndiyo, najua mwandiko wenu.

Ukifanya hivyo sawasawa, ipo siku utarudi kutoka likizo ukute Bibi Kilemba amemweleza kijana kila kitu, wala hakukuulizia. Utaona wivu, daktari. Ona tu, kisha ita mgonjwa anayefuata.