Mama ya Lina na Misumari Yake

Basi tukafika kwa Lina na mikeka yetu, sisi bamama ba Kivu, tukaanza kuimba nyimbo za matanga. Espérance mujukuu wangu, salamu kwa wote Bukavu. Baba yako huku ugenini iko muzima, anakohoa tu. Uliniuliza sababu gani tufani ikipiga Ufilipino napanda mbio kwa Lina, Mufilipino jirani yangu wa gorofa ya juu. Donc, ule mwaka tufani zilifuatana, na simu ya mama yake kule haikupita, Lina akalia. Kwetu muntu akilia tunakuja kulala naye chini. Lina akakasirika: "Bamaman, nani amekufa? Mupike muchele!"

Tukapika. Alors, simu ikalia: mama yake! Lina anacheka na machozi, anatuelezea: upepo umebeba paa yote, na mama iko anaketi kwa matope, ananyoosha misumari ya zamani, sababu tufani ingine iko njiani na anataka paa isimame kabla haijafika. Mwanamuke gani yule, mutoto wangu! Na sisi tulishaanza kumulilia.

Bon, sasa hivi Lina ananiita kwa ngazi: "Maman, tufani imepiga tena!" Naenda. Mikeka inabaki, nabeba muchele.