Pelf, na Ng'ombe wa Mama Atanasi

Mpendwa Baba,

Kamwene. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti ingawa hunioni, kwa sababu wapo watu hapa kijijini wanaosema binti yako amepoteza adabu tangu amalize shule. Adabu ninayo. Nataka habari hii uipate kwangu kabla hawajaja kuisimulia kaburini kwako wakati wa kufyeka majani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipokea kila likizo? Sanduku bado liko kichwani, sijafika hata kizingitini, unaniuliza, "Haya, umeniletea neno gani?" Wenzangu waliwapelekea baba zao sukari au tumbaku. Wewe ulitaka neno moja la Kiingereza, uende nalo kwenye matofali ukawachanganye mafundi wenzako. Mimi niliyeogopa kunyoosha mkono darasani, kwako nilikuwa mwalimu.

Likizo ile ya mwisho nilikuletea "pelf". Ulilirudia taratibu huku ukitoa udongo kwenye kucha, ukasema linasikika kama kitu kizito kilichoangukia tope. Nikakueleza kuwa ni fedha au mali ambayo mtu ameipata kwa njia chafu. Nikakuambia pia kwamba mwalimu wetu, yule mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, alisema ni neno la zamani, na siku hizi hata Waingereza wenyewe hawalitumii.

"Kwa nini wameliacha?" ukauliza. "Kitu chenyewe kimekwisha kwao?"

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Wewe hukucheka. Siku hiyo ulikuwa umetoka barazani na jirani yetu mjane, Mama Atanasi. Ng'ombe wake, yule mwekundu mwenye paji jeupe, alikuwa ameingia shamba la mtu, na karani wa baraza akaamuru aachwe pale barazani mpaka kesi iitwe. Kesi haikuitwa. Kila mlipokwenda, karani aliwaambia rudini wiki ijayo, na ng'ombe mwenyewe hakuonekana tena. "Basi Waingereza watuachie sisi neno lao," ulisema. "Sisi tuna kazi nalo."

Kisha kifua chako kikakushinda, Baba, na mvua zikanyesha bila wewe.

Mdogo wako, baba mdogo, amehama Mbeya na cherehani yake, amekuja kusimamia nyumba yako. Hajakaa sana akaniletea posa. Mposaji ni nani? Karani yule yule. Baba mdogo aliniambia nina bahati kubwa: msichana asiye na baba, kuposwa kwa ng'ombe kutoka Usangu!

Mila yetu unaijua. Mshenga hulaza jembe jipya mbele ya binti. Akiliokota, amekubali. Akinyamaza bila kuliokota, wazee husema ni haya ya kike, na shangazi huliokota kwa niaba yake. Na mimi ni mwenye haya kuliko wasichana wote wa bonde hili. Baba mdogo alilijua hilo. Aliuegemea ukimya wangu kama mzee anavyoegemea mkongojo.

Ng'ombe waliingia asubuhi wamechoka, wamepauka kwa vumbi la Rujewa, karani na mshenga wake wakifuata nyuma. Mmoja hakungoja kuswagwa. Alitoka kundini, akapita nyuma ya jiko letu, akashuka kijia cha mtoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zizi la Mama Atanasi. Akasimama mlangoni akilia. Mwekundu, paji jeupe. Mama Atanasi alikuwa anatwanga. Tulisikia mchi ukinyamaza.

"Ng'ombe wa Usangu hawajazoea milima," mshenga akasema, na wazee wakacheka kidogo. Mchungaji mmoja akatumwa kumrudisha, ulanzi ukamiminwa, jembe likalazwa mbele yangu.

Shangazi alikuwa ameanza kuinama. Nilifungua mdomo, Baba, na kilichotoka ni neno letu.

"Pelf."

"Anasema nini?" mzee mmoja akauliza.

"Amekubali!" baba mdogo akaruka. "Amekubali kwa Kizungu! Mnaona faida ya shule?"

Wakaanza kupiga makofi. Hapo hofu ikanitoka, ikaja hasira. Sikusimama. Nilibaki nimepiga magoti, macho chini, kama inavyompasa binti, nikasema kwa Kihehe ili hata watoto waelewe: "Sikubali. Nilichosema ni mali ya dhuluma. Yule ng'ombe ni wa Mama Atanasi, na nyote mmemwona akienda kwao. Siwezi kuolewa kwa machozi ya jirani."

"Mtoto huyu ana ushahidi gani?" karani akauliza.

"Muulize ng'ombe," Mama akasema.

Mama, Baba! Tangu tukuzike alikuwa hajainua sauti.

Karani aliondoka na ng'ombe waliosalia. Yule mwekundu hakurudi. Mchungaji alisema amemkuta Mama Atanasi ameketi katikati ya mlango wa zizi, na yeye kwao hakufundishwa kumruka mama wa watu.

Sasa baba mdogo ametoa amri. Jumapili baada ya ibada nibebe kibuyu cha ulanzi na kuku, niende kwa karani, nimwombe radhi mbele ya wazee. Nisipokwenda, hataniruhusu kujiunga na chuo cha ualimu. Unajua nilivyokitamani chuo kile. Nimelia sana, sikufichi. Nimetamani uwepo useme neno moja tu, wanyamaze wote. Lakini hupo, na kuku simbebi. Nimwombe radhi kwa lipi? Kwamba niliona walichokiona wote?

Karani ameapa kumfuata yule ng'ombe na askari wa baraza. Kwa hiyo Jumapili alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa, mimi na Mama Atanasi tutaanza safari ya mjini Iringa, ili Jumatatu tuwe mlangoni kwa Bwana Shauri, ambaye karani yuko chini yake. Ng'ombe atabaki na Mama. Amesema anayemtaka apite kwake kwanza. Zamani wewe ndiye uliyekuwa ukimsindikiza mjane huyu. Sasa nitakwenda mimi, na nitasema mbele ya wanaume nisiowajua. Nimefanya mazoezi mtoni wakati wa kuteka maji. Sauti yangu ni ndogo, lakini jana mtu wa ng'ambo aliitikia.

Chuo kikinipotea, kinipotee. Nitawafundisha watoto wa hapa chini ya ukuta ulioujenga wewe, na atakayetaka kunifukuza aje mchana, watoto wamwone.

Lala, Baba. Usiniombee upole, ninao wa kutosha. Niombee njia kavu.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza.