Jiwe la Babu Nicanor

Mji wa Kale, Mombasa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, na kazi ya kuongoza wageni Ngome ya Yesu inaendelea. Kamaludin, mwenzangu wa kazi, anakusalimu sana.

Mama, nafsi yangu haijatulia. Unakumbuka Padre aliniomba niandike historia ya kile kikanisa kidogo cha kituo cha mafungo, pale kando ya ziwa, ibandikwe mlangoni. Alisema afaaye ni mimi, nilaye mkate kwa historia. Kichwa kikanivimba. Nikaandika kwamba babu Nicanor aliona nuru juu ya maji, akapiga magoti juu ya jiwe, akajenga hapo hapo. Kamaludin aliposoma alicheka, akasema hata wageni wa ngomeni hatuwatilii chumvi kiasi hicho. Kisha akaniasa kwamba watu wa kwetu watasali juu ya maneno yangu. Sikumsikiliza.

Juzi Wendy alinipigia simu, na unamjua dada yangu, hazunguki. Alisema waumini walikuuliza jiwe la babu liko wapi, kwa kuwa wewe ndiwe mkwe wake. Ukawaonyesha lile ulilokuwa ukisugulia mabeseni ya omena. Wakalibusu. Tangu siku hiyo huendi kupokea komunyo. Wenzako wakipanga foleni wewe hubaki umeketi, na ukiulizwa wasingizia goti.

Mama, ulinichapa kwa kukana kijiko kimoja cha sukari nilichoiba, leo umesema uongo kanisani ili mimi nisiumbuke. Sina pa kuuficha uso wangu.

Ukweli naujua, ulinisimulia mwenyewe. Kikanisa hicho kilikuwa banda letu la omena. Mvua iliwafukuza watu wa mafungo ufuoni, mkawafungulia, misa ikasomwa katikati ya magunia na harufu yake. Babu akasema banda lililompokea Bwana halirudi kuwa la samaki. Niliificha hadithi hiyo kwa sababu hapa nimewaambia watu kwamba mama yangu ni mwalimu. Sikuona haya kwa ajili ya banda. Nilikuonea haya wewe, mama. Nisamehe.

Padre nimekwisha kumweleza, na karatasi yangu ameibandua. Jumapili nakuja kusema haya mbele ya waumini wote. Nisalimie Wendy na majirani.

Ungama kwa Padre kabla ya misa, kisha uende ukapokee, mama. Nitakayebaki nimeketi ni mimi.

Mwanao,
Ken Ogutu