Mishale Niliyoipanga kwa Urefu

Nyuma ya nyumba za reli,
Nsambya, Kampala.
Jumapili, 12 Juni 2005

Mpendwa Mjomba Josias,

Kabla sijakuuliza hali, kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama, na nikianza na salamu najua nitalikimbia. Mishale yako niliichanganya mimi. Macho yako hayana kosa.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Mjomba? Mgongo unaendeleaje tangu ulipoteleza mtoni? Sisi tu wazima. Mama bado anauza nguo za watoto sokoni Owino. Hurudi miguu imevimba, lakini homa imemwacha.

Barua yako ililetwa na Mugisho, yule anayepeleka nguo Bunia. Nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa ni wewe peke yako unayeniandikia. Nilifurahi kwamba upinde wako na ule wa marehemu Babu mlizikuta darini, na mishale yote, mliporudi kutoka mafichoni baada ya vita. Kisha nikafika pale uliposema macho yamekufa, na kwamba mwisho wa mwezi huu utampa Saverio pinde zote mbili azitundike kwenye baa yake ziwe pambo. Tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa na miaka kumi. Mlikuwa shambani, na mwalimu alikuwa ametupa hesabu za kuzidisha, nami sikuwa na vijiti vya kutosha. Nikapanda juu ya kigoda, nikayashusha mafungu mawili ya mishale yaliyokuwa darini juu ya moshi wa jiko, lako na la Babu. Nilijua msichana haruhusiwi kuigusa. Nikayafungua, nikahesabu vizuri sana. Wakati wa kurudisha nikaona mishale imekaa ovyo, mirefu na mifupi pamoja, nikadhani nitawafanyia wema. Nikaipanga kwa urefu, kama watu wanavyopanga vitabu: mirefu fungu lako, mifupi fungu la Babu.

Juma lililofuata mlikwenda kuwinda, nami nilikuwa miongoni mwa watoto waliobeba maji. Mbawala alisimama hatua kumi na tano mbele yako. Mshale wa kwanza ukaenda kulia. Wa pili ulikwenda sawa, lakini mnyama alikuwa ameshageuka. Wa tatu ukaenda kulia tena, mkia ukitikisika. Ndipo Saverio akapaza sauti mbele ya wote: "Josias, ndugu yangu, nenda ukawinde konokono! Hao watakungoja!"

Watu walicheka, na wewe ulicheka. Lakini baadaye nilikuona umesimama peke yako, ukifumba jicho moja, kisha jingine, ukiutazama mti ule ule.

Sikusema. Niliamini kwamba mkono wa msichana ndio ulioitia mishale mkosi, na kwamba mkijua hamtanitaka tena nyumbani. Nimeamini hivyo miaka sita.

Mwezi uliopita shuleni tulikuwa na zoezi la fizikia, la watu wawili wawili. Hakuna aliyekaa nami. Wasichana wa darasa langu husema Kiswahili ni cha wanajeshi, na nikifungua mdomo tu husimama na kupiga saluti: "Ndiyo, afande!" Basi nilifanya peke yangu. Unalaza fimbo juu ya matofali mawili, unaning'iniza uzani katikati, unapima inavyopinda. Fimbo zangu mbili zilikuwa na urefu mmoja, lakini moja ilipinda mara mbili ya nyingine. Nikakukumbuka ukishika mshale karibu na sikio, ukiupinda kwa kidole gumba, halafu unasema, huu wangu, huu wa Baba. Sikuwahi kukuona ukitazama urefu.

Sikutaka kukuandikia jambo la kukisia. Jirani yetu hapa ni mzee Kamis kutoka Arua, analinda ghala la mbao, na silaha yake ni upinde. Ilinichukua siku nne kupata ujasiri wa kumwendea.

"Wewe mtoto ya Kongo," akasema, "upinde nataka ya nini? Nani naiba kitabu yako?"

Nikacheka, na baada ya kucheka nikaweza kumweleza.

Nilikwenda Ggaba nikakata matete kando ya ziwa, nikatengeneza mishale minane ya urefu mmoja, bila vigumba vya chuma. Nikaipima kwa matofali na kufuli la mlango wetu. Jana mchana Kamis akaipiga kwenye gunia la unga wa mbao. Anavuta kwa mkono wa kulia kama wewe. Mshale uliopinda sawa na mishale yake mwenyewe ulikwenda katikati. Ule mgumu mno uligonga upinde ukaenda kushoto. Ule laini mno ulikwenda kulia, mkia ukiyumba kama nilivyouona siku ile. Kamis akaukamata kama anavyokamata mwizi.

"Hii nalewa! Mkono yangu iko sawa. Uliza hii natoka baa gani!"

Mjomba, nilikaa chini pale pale kwenye mbao.

Ninavyoelewa ni hivi. Upote, ile kamba ya upinde, ukiusukuma mshale, mshale hujikunja kidogo, ukapita ubavuni mwa upinde, kisha ukajinyoosha. Upinde wako ni mkali, unataka mishale migumu. Wa Babu ni mwepesi, unataka laini. Mimi nilikuachia mchanganyiko, mmoja unatii na mwingine unakataa, na mtu yeyote angedhani ni macho.

Tafadhali yafungue mafungu yote mawili. Usitazame urefu. Ipinde kwa kidole kama zamani, na ukiwa na shaka, tumia matofali na jiwe moja lile lile. Iliyo migumu iwe yako. Kisha piga mgomba kwa hatua kumi na tano. Ukikosa, mpe Saverio. Lakini usimpe kabla ya kujaribu.

Ukikasirika, una haki. Naomba tu uniandikie hiyo hasira, usinyamaze. Huku siku nyingine hupita bila mtu kuniita jina, isipokuwa mama.

Nisalimie Mama Marie-Louise na mdogo wangu Estelle. Msalimie na Saverio. Mungu aulinde mlango wenu na njia zenu za msituni.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye daima,
Victoire

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeandika barua mbili. Ile nyingine ilisema panya walikata kamba za mafungu, mishale ikaanguka na kuchanganyika. Ilikuwa fupi na ungeiamini. Leo kabla ya mapambazuko nimemsomea mama hii. Akaacha kukunja nguo, akasema, "Miaka sita, Victoire?" Kisha akanisukumia viatu vyangu, akasema, "Kimbia, Mugisho anaondoka saa mbili." Ile ya panya nimeichana mbele yake. Mistari hii naiandikia kituoni, juu ya robota la nguo la Mugisho. Nimemwomba asimpe mtu mwingine barua hii njiani, akufikishie mwenyewe mkononi. Amekubali. Sasa naifunga nampa, kisha naenda shule. Kipindi cha kwanza kimeshanipita.